Dkt. Seol Myeong-ok na Ukurasa wa Kumi na Saba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Pyo na ukoo wa Seol, nasimama mbele ya picha ya dada yangu kuwasomea maisha yake, nanyi mnivumilie, maana mwenyewe aliniusia nisilainishe kitu.

Dkt. Seol Myeong-ok alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 mjini Gongju, hapa Korea, mtoto wa pili wa Mzee Seol Chang-rae na Mama Ok Bun-nyeo, aliyeuza supu ya utumbo sokoni, akaanza shule mwaka 1965, akahitimu famasia Daejeon mwaka 1981, na uzamivu mwaka 1988. Tarehe 12 Oktoba 1985 alifunga ndoa na Bw. Pyo Dong-gyu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, Hye-rang na Seung-u.

Mwaka 1999 aliajiriwa na taasisi ya dawa, ambayo jina lake halitanitoka kinywani leo, kupima chembe ndogo mno za mafuta zinazobebeshwa dawa ili mgonjwa ameze badala ya kuchomwa sindano, kazi yake ikiwa kuzitia kwenye chupa yenye nyongo na vimeng'enya vya kongosho la nguruwe, yaani majimaji yanayosaga chakula, kama ilivyo tumboni, na kuitazama mashine inayodondosha alkali kila mafuta yanapovunjwa na kutoa asidi. Tarehe 27 Agosti 2009 mashine haikudondosha hata tone kwa saa mbili, mkurugenzi wa taasisi akapiga makofi, akatangaza kwamba chembe zao hazimeng'enyeki, dawa itafika salama. Dada akatia mafuta ya ufuta ya jikoni, nayo yakakaa vilevile, akasema mbele ya wote, "Samahani Mkurugenzi, basi na ufuta wa mama yangu ni uvumbuzi! Kilichokufa ni kimeng'enya, kopo lake limeshinda dirishani kiangazi kizima."

Kesho yake alikwenda machinjioni kwa Bw. Maeng, akarudi na kongosho bichi kwenye barafu, akalitumia badala ya lile la kopo, na ndani ya dakika kumi na mbili chembe zote zilikuwa zimekatwakatwa, dawa imeganda chini ya chupa kama mchanga, maana yake mgonjwa angemeza bure. Akayaandika hayo ukurasa wa kumi na saba wa ripoti. Mkurugenzi akamwambia, "Dkt. Seol, utoe huo ukurasa, jioni twende sote tukale nyama, yaishe." Dada akajibu, "Nimeshiba."

Ukurasa ukachanwa, ila nakala dada alikuwa nayo nyumbani, naye akahamishiwa chumba cha kuoshea chupa, akakaa humo miaka tisa hadi kustaafu, hakuacha kazi, ili wamwone kila asubuhi. Dawa ile haikufika kwenye damu ya mgonjwa hata mmoja, ikaachwa kimyakimya mwaka 2013, na hakuna aliyemwomba radhi. Inauma, jamani.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2021, akafariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu, majirani wa Jengo la 104 kwa uji wa mchele, Bw. Maeng, na waosha chupa wenzake wote.

Shada la maua lililofika leo kutoka taasisi ile, na utepe wa "mtafiti mwenzetu mpendwa" tumeligeuzia ukutani, kama alivyoagiza. Nakala mia tatu za ukurasa wa kumi na saba ziko mezani, kila mmoja achukue moja, nawe Mkurugenzi, uliyeketi safu ya pili, chukua mbili.

Dada, pumzika kwa amani, hukukosea.