Mwalimu Gaston na Shule ya Hatushuki

Wapendwa waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, mimi ni Emile Bulaimu, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mkubwa wangu, mwalimu Gaston Bulaimu, jinsi yalivyokuwa.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa hapa mlimani Hatushuki, eneo la Kabambare, kijiji ambacho wazee wetu walikiita hivyo walipoamriwa na wakoloni kushuka na kuhamia barabarani, wakakataa. Alisoma shule ya msingi Kabambare, akaendelea na sekondari Kasongo, akapata diploma ya Serikali mwaka 1983, na kuanzia Septemba 1984 alifundisha Kasongo kwa miaka ishirini na mitano. Tarehe 11 Julai 1987 alifunga ndoa na mama Victorine Estelle, wakapata watoto watano, wanne wako hai, na mkubwa wao, Aurélie, ni mwalimu pia.

Mwaka 2009 alirudi akafungua shule yetu, watoto ishirini na watatu, ndani ya kanisa la majani. Kwa kuwa shule haijatambuliwa na Serikali, watoto wa darasa la sita hushuka kufanya mtihani kwa jina la shule ya bondeni, na kule nafasi zikijaa, wanarudishwa. Mwaka jana walirudishwa wanne. Kwa ajili hiyo marehemu alitembea hadi Kabambare mara kumi na moja na dosye ya shule, faili la kuomba itambuliwe, akapita ofisi zaidi ya moja. Karani mmoja alimwambia, "Papa, weka jina ingine, hii inaonekana matusi kwa Serikali, karatasi utapata leo leo." Akamjibu, "Jina haiko yangu, papa, iko ya watu. Nitarudia." Akarudia.

Tarehe 6 Mei 2025 alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akashushwa kwa tipoyi, machela yetu ya mianzi, kila nyumba ikibeba kipande chake cha njia kama tulivyozoea, na kipande cha mwisho kikabebwa na nyumba yake mwenyewe, mama Victorine akiwa mbele. Njiani aliuliza kama dosye imewekwa mahali pakavu. Barabarani Ayoubu, dereva wa pikipiki, alimpokea akamfikisha hospitali ya Kasongo, akapasuliwa, lakini alifariki Ijumaa tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi. Jana nyumba zile zile zilimpandisha.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali ya Kasongo, Ayoubu aliyevuka mito miwili bila kupumzika, walimu wenzake, na majirani, Wakristo na Waislamu, waliochimba kaburi katika mawe haya.

Kesho Jumatatu Aurélie atafungua darasa saa moja na nusu, na Jumanne atashuka na dosye, jina likiwa lile lile.

Mwalimu Gaston, pumzika kwa amani, safari ya kumi na mbili ni ya kwetu.