Mzee Thadeo na Ile Pau Mbili

Ndugu Thadeo Mahona, fundi pampu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Mkuza kwa miaka thelathini na miwili. Wameniomba niandike mimi, Kibwana Yassin, dereva, wala sikushangaa. Chuo hiki kina nguzo mbili: mimi na mlingoti wa bendera. Mkuu wa chuo hafungui kikao kabla hajachungulia dirishani kuona kama gari langu limefika.

Thadeo alikuja kijana kutoka Kurui, ambako baba yake, Msukuma wa kuhamia, alikuwa akichunga ng'ombe. Akakabidhiwa pampu ya kisima, na hajaiacha mpaka leo. Mwaka ule wa ukame, majirani zetu wa Tangini nzima wakihangaika na ndoo, mabomba yetu yalitoa maji. Nami nilichangia: nilifuata mpira wa pampu Dar nikarudi chai yangu ikiwa bado ya moto, foleni yote ikinipisha.

Mtaalamu wa kigeni aliyefunga pampu hiyo alimwachia Thadeo mchezo wa karata uitwao briji, naye akatufundisha. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, na kabla ya kucheza mnanadi, kila mtu akitaja namba ya dau lake na aina anayotaka iwe turufu. Ukiwa na karata nzito za kila aina unasema, "Moja bila turufu." Mimi karata nzito hunifuata zenyewe, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikuwa nasema hivyo.

Hapo ndipo shaka ilipoingia. Nikishanadi, Thadeo anasema taratibu, "Pau mbili." Mwenzake, Matroni Asteria wa bweni la wasichana, anagonga meza kwa kifundo cha kidole: ko! Ambokile wa stoo, mwenzangu mimi, anapita bila kunadi. Asteria anasema, "Shupaza mbili." Kuja kulaza karata za Thadeo mezani, kama ilivyo kawaida kwa mwenza wa aliyeshinda mnada, pau hana hata moja! Shupaza tano, kopa tano. Jamani, mama yule alijuaje?

Kwanza nilishuku miwani. Nikamtaka Thadeo aivue. Akacheza amefinya macho, wakatufunga vilevile. Nikashuku anavyokoroga chai. Mwisho nikagundua ni ile ko! Nikatandika blanketi la gari juu ya meza. Asteria akagonga kiti.

"Hata utandike godoro, Kibwana, nitagonga," akasema. "Ndiyo sheria."

Nikajisemea moyoni, sheria ya wezi hiyo.

Klabu yetu ya briji ilikuwa imepanga kuandika jina la Thadeo kwenye ubao wa mabingwa pale kantini, kabla ya siku ya kumuaga. Nikapinga. Nilisema mbele za watu kwamba mwizi haandikwi ukutani. Katibu wetu Faustine akamsimamisha mchoraji na kunipa mpaka Ijumaa ya mwisho: nilete ushahidi au ninyamaze. Thadeo hakubishana. Alisema tu, "Nilitaka wajukuu waje walione hilo jina." Tangu siku hiyo nikimwamkia alikuwa anaitikia marahaba huku akiangalia spana yake.

Ijumaa ikafika, kantini imejaa. Nikanadi bila turufu. Pau mbili. Ko! Nikaruka juu.

"Mmesikia? Anamwashiria mwenzake!"

Ambokile akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anaendesha lori. "Anko, Matroni hamgongei Thadeo. Anatugongea sisi."

"Sisi tuna nini?"

"Tumuulize hiyo pau maana yake nini. Muulize basi!"

Asteria hakungoja. "Ana kopa nyingi na shupaza nyingi, mimi nichague. Hayo ni mapatano yetu, na mapatano hayafichwi. Nikigonga, nakwambia uulize. Miaka yote hii nangoja uulize, Kibwana."

Kantini ilicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni. Nikajitetea kwamba siku ya somo hilo nilikuwa na gari Kisarawe. Thadeo peke yake hakucheka; alinisogezea kikombe cha chai. Jina lake sasa liko ubaoni, na mchoraji alipopanda ngazi, aliyemshikia kopo la rangi ni mimi.

Mzee Thadeo, asante kwa maji, asante kwa zile Ijumaa. Uende salama Kurui, ng'ombe wako wazae, ngiri wasahau njia ya shamba lako la mihogo, na wajukuu uwalete waje wasome.

Jambo dogo moja, kwa kuwa haya yatasomwa Asteria akiwepo. Siku ile ya somo la kugonga meza sikuwa Kisarawe. Nilikaa mbele kabisa. Thadeo aliuliza kama tumeelewa, na mimi ndiye niliyeitikia kwa kichwa wa kwanza.