Upande wa Pili wa Sahani ya Coy

Verna aliisikia habari hii kwanza kwa mama yake mzazi, Delphia, siku aliyokuwa anakata roho katika kibonde chao cha milima ya Kentucky. Verna alikuwa amempakata mwanawe, na kaka yake Leland ameketi miguuni pa kitanda.

“Sogeeni, wanangu, msiniache niseme na ukuta. Leland, banjo ya mjomba wenu Coy ni yako. Ng'ombe ni wenu wote, msigombane. Lakini ile sahani ya santuri iliyomo ndani ya pipa la unga ni ya Verna. Coy aliirekodi nyuma ya duka la mbegu, kwenye kile kikampuni cha watu wawili ambacho hakikusikika hata ng'ambo ya mlima. Upande wa kwanza ni wimbo wa kucheza. Upande wa pili ni ule wa kale, wa mtu aliyeuawa. Mnaujua: maiti hutupwa mtoni. Coy yeye akaimba kwamba maiti imelazwa chini ya dohani ya moshi isiyo na nyumba. Watu wakamcheka, ‘Coy, hata wimbo wa bibi yako umekushinda!’ Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Hobart Sizemore.”

“Mama,” Leland alisema, “mzee Hobart si ndiye shabiki wake? Amezinunua sahani nyingine zote.”

“Umewahi kusikia hata moja ikilia nyumbani kwake? Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nyumba ya kwanza ya Hobart iliungua, dohani ikabaki wima mpaka leo, na Emmett wa chama cha wachimba makaa akapotea msimu uleule. Coy alimwona Hobart pale na sepetu. Akaogopa kusema, akaimba. Kabla majani hayajapukutika, kamba za daraja zikamkatikia, daraja alilolivuka tangu utotoni, akafa maji.

“Nikishakufa Hobart atakuja na sufuria ya maharage, na kwetu aliyeleta chakula msibani hanyimwi aombalo. Ataomba kumbukumbu ya Coy. Sahani isitoke mlango huu. Verna, wewe unaona haya hata mbele ya kuku wako. Kwa hiyo hatakudhania. Mnizike juu, mbali na maji. Mungu awa... awafunike, wanangu... fungeni... mlango...”

Asubuhi yake Hobart alikuja, kofia mkononi, sufuria ingali inafuka.

“Pole, binti. Nasikia mama alikuwa na kitu cha Coy. Nakiomba, basi, tumkumbuke.”

Binti wa Emmett alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Verna aliipokea sufuria kwa mikono miwili, akaiweka mezani. Alichimbua unga, akaifuta sahani kwa aproni, akaiweka kwenye gramafoni, na bila kuinua macho akaweka sindano upande wa pili.

“Umeomba, mzee,” alisema. “Keti usikilize.”