Mama Aliyemkatia Simu Mzee Rudia

Tarehe thelathini mwezi huu, mwelekezaji wetu wa kreni anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kampuni hii. Jina lake liko kwenye kitambulisho, lakini hapa kwenye ujenzi tunamwita Mzee Rudia.

Alianza kwa kubeba zege kama sisi wengine. Alipokabidhiwa redio ya kreni, aliweka sharti: dereva aliye juu arudie maneno yote aliyoambiwa, ndipo chuma kiinuliwe. Asiporudia, mzigo unabaki chini, hata msimamizi anune vipi. Madereva walimtania kwamba anafuga kasuku. Lakini mzigo wake haujawahi kumwangukia mtu, na sisi tuliofanya kazi huku chini tunajua maana yake.

Likizo zake nyingi aliziuza ili apate cha kutuma nyumbani. Kisha tapeli akampigia mama yake akijifanya yeye, analia: Mama, ni mimi, nimeumia kazini, simu yangu imevunjika, usimwambie mtu. Mama akauza ng'ombe na kipande cha shamba, akatuma. Sauti haikufanana, lakini alijiambia mwanangu amekaa mbali mno, labda ndivyo anavyoongea siku hizi.

Rudia alipojua, akampigia ili wakubaliane swali la siri la kutambuana kwenye simu. Hapo ndipo alipokosea. Mama alimjibu kwamba hata yule mwingine alimwita mama, akakata. Tangu siku hiyo hukata kila anapomsikia. Dada yake Rudia amemweleza mama mpaka amechoka.

Ndiyo maana kila anayekwenda likizo, Rudia humshika mkono getini: swali mkalichague uso kwa uso, si kwa simu, na wazee wafundishe kukata na kukupigia kwa namba yako wanayoijua. Mwashi wetu alimsikiliza. Siku moja alipompigia baba yake, aliulizwa swali lao, ikabidi atamke mbele ya foleni nzima ya chakula kwamba utotoni alitumbukia chooni akifukuza bata. Tulicheka mpaka chakula kikapoa. Baadaye tapeli alimpigia mzee yule akijifanya mwashi, akaulizwa siku ile alikuwa anafukuza nini. Akasema mpira. Mzee akamwambia aufuate, akakata.

Rudia alicheka nasi, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye rundo la nondo.

Sasa anakwenda nyumbani bila kumpa mama yake taarifa, maana kwa simu hataaminiwa. Atabisha hodi, asimame mwangani atazamwe. Ameniambia anaogopa. Mara ya mwisho walipoonana, Rudia alikuwa na nywele nyeusi na meno yote.

Mzee wetu, asante kwa kutulinda sisi na wazazi wetu. Nenda salama, ukapumzike. Mama akikuuliza wewe ni nani, mjibu. Akiuliza tena, rudia. Tunakuombea akufungulie mlango.