Kina Mama Nikolao Wawili wa Mnyambe

Bibi Agatha Chilumba, Msaidizi wa Maabara katika hospitali yetu ya misheni, anastaafu tarehe 30 Juni 1997 baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Alizaliwa Lukuledi. Wengi wanamwita Mama Alfredi.

Tangu 1979 amesoma vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi. Kitabu chetu cha baiolojia shuleni kinaeleza chembe hai kwa kurasa nne tu. Yeye amezitazama miaka kumi na minane, kwa hadubini inayotegemea mwanga wa jua. Siku ya mawingu hakusoma. Daktari aliyemharakisha aliombwa kwanza akaondoe mawingu.

Novemba 1994 alisoma kipimo cha Mama Nikolao wa Mnyambe, akakikuta safi. Mwenyewe alipokuja aliambiwa hana tatizo, akarudi kuokota korosho. Siku tatu baadaye Bibi Agatha alisoma kipimo kingine. Chembe zake zilikuwa zimeharibika, na juu yake paliandikwa pia Mama Nikolao, Mnyambe. Daftari lilionyesha kina Mama Nikolao wawili. Hakuna aliyewauliza majina yao wenyewe, kwa sababu kwetu kumwita mama mtu mzima kwa jina lake ni kumkosea heshima.

Hakubahatisha. Alipanda lori la mfanyabiashara wa korosho akiwa na vifaa vya kupimia, akamkuta yule aliyeambiwa hana tatizo, Severina Nambunga, shambani.

“Shikamoo, Mama Alfredi. Si uliniambia niko safi?”

“Marahaba. Nilikuambia kabla sijakuuliza jina lako.”

Severina alimtania kwamba amefuata korosho. Hata hivyo alikubali kupimwa tena, na yule Mama Nikolao mwingine pia. Kipimo chenye chembe zilizoharibika kilikuwa cha Severina. Alifanyiwa upasuaji kabla ugonjwa haujasambaa.

Bibi Agatha aliandika kosa hilo daftarini kwa mkono wake, kama lake. Kuanzia hapo kila mama alisalimiwa kwanza, kisha akaulizwa jina alilopewa na mama yake mzazi. Baadhi ya wazee walicheka. Walikuwa hawajaulizwa miaka mingi.

Zawadi ya leo ya kumuaga inakabidhiwa na Bibi Severina Nambunga wa Mnyambe. Jina lake tumeliandika kamili, kama tulivyofundishwa.

Asante, Mama Alfredi. Tunakuombea afya njema, na jua la kutosha kila siku.

Nuria Dastani
Kidato cha Tatu, Klabu ya Afya