Bi Mwanamkuu na Picha Tano za Kila Sekunde

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi alasiri, kituo chetu kinapoteza macho ya Bi Mwanamkuu Bushiri. Miaka thelathini na mmoja ameyakodoa kwenye skrini za chumba cha kubadili picha, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge ya Mtaa wa Sikukuu. Anastaafu kwa heshima zote. Kiti chake, mpaka naandika haya, hakijapewa mtu.

Kwa waalikwa wa hafla ya kumuaga wasioijua kazi yenyewe: televisheni yetu hurusha picha ishirini na tano kila sekunde. Kamera za Marekani hupiga thelathini. Kipindi kikitoka huko, kila sekunde ina picha tano za ziada, na lazima zipungue bila mtazamaji wa Ilala kushtuka. Njia ya mkato ni kutupa kila picha ya sita. Hesabu inakubali, jicho linakataa: anayetembea anadundadunda, gari linasitasita. Bi Mwanamkuu hakutupa. Kutoka kwenye thelathini alitengeneza ishirini na tano mpya, kila moja ikitua pale mwendo ulipotakiwa kuwa umefika. Kompyuta ilimsaidia, ndiyo, lakini kompyuta ikikutana na umati wa watu au maji yanayomwagika huanza kuota vivuli, na mtu mmoja anajikuta na mikono mitatu. Hapo aliingia yeye, kipande kwa kipande. Nimefanya kazi chumba cha pili kutoka chake miaka kumi na tisa, na bado sijui alikuwa anaonaje.

Alipokagua, alizima sauti kwanza. Hakuna aliyeruhusiwa kuifungua. “Ukisikia ngoma utaona miguu iko sawa hata kama haiko,” alitukaripia. “Zima. Tazama miguu!” Kazi iliyomchukiza aliiita mtumba ambao haujapigwa pasi, na aliyeileta aligeuka nayo pale pale mlangoni, awe mkubwa awe mdogo.

Sinema zilizopigwa picha ishirini na nne zilikuwa na vituko vyake. Ukiziendesha kwa ishirini na tano, sinema ya dakika mia inaisha kwa tisini na sita. Idara ya matangazo ilizishangilia dakika nne zile. Bi Mwanamkuu akawaambia kwamba wanaume wote mle ndani ya sinema sasa wanaongea kama wamebanwa pua, akazishusha sauti zao mpaka zikarudi kifuani.

Lakini siku ambayo wengi wetu hatutaisahau ni ya mwaka 2019. Alikuwa likizo kwake Kigamboni, na mashine mpya ya kujiendesha ikaachiwa mbio ndefu kutoka Marekani. Ikatupa kila picha ya sita, kama ilivyopangwa. Dada aliyekuwa anaongoza akaonekana anachechemea. Mtangazaji wetu Vicky, mwenye huruma zake, akampa pole hewani: “Jamani goti hilo! Kaza, dada yetu, kaza!” Simu zikamiminika. Mzee mmoja wa Ilala alielekeza mafuta ya nyonyo, yapashwe kidogo, asubuhi na jioni.

Bi Mwanamkuu aliziona mbio hizo sebuleni kwake. Akavuka kwa pantoni ya Magogoni alasiri ile ile, akaingia bila hata kuvua baibui. “Mtoto wa watu hana jeraha lolote,” alisema. “Nyie ndio mmemkata hatua.” Akajifungia nazo siku nzima iliyofuata. Tuliporudia kipindi, dada yule alikimbia kama maji yanavyoshuka mteremko. Mhandisi wetu mkuu, Josepha, aliirudisha mara kadhaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mama, hapa umefanyaje?” Akajibiwa, “Nimemrudishia miguu yake.” Watazamaji nao wakapiga simu kumpongeza mgonjwa kwa kupona. Mzee wa Ilala aliomba kujua kama ni yale mafuta.

Mashine ile ile, wakubwa zetu, ndiyo tunasikia mnataka iachiwe chumba kizima kuanzia Jumatatu. Kwa miaka minne Abdulswamad amekaa ubavuni mwa Bi Mwanamkuu kwa mkataba wa muda. Mwezi uliopita mama mwenyewe alimpa tamthilia nzima aibadili peke yake, akaitazama sauti ikiwa imezimwa, akanyanyuka bila neno akaenda kunywa chai. Wanaomfahamu wanajua hiyo ni sifa ambayo mimi sijawahi kuipata. Mkataba wa Abdulswamad unakwisha Ijumaa hiyo hiyo. Tumeuliza mara tatu, tukajibiwa “tutaangalia”.

Bi Mwanamkuu, umetuonyesha kwamba hata sehemu ndogo ya sekunde inastahili heshima. Asante kwa ukali wako, na kwa vicheko vilivyotufikia huku chumba cha pili. Mungu akupe afya na pumziko jema Kigamboni, na watu wa nyumbani wakukubalie uzime sauti upendavyo.

Kwa uongozi: mama bado ana siku chache za kukabidhi kazi kwa mtu, akipewa mtu. Abdulswamad anakaa kwenye kile kiti, ndiyo au hapana? Tunaomba jibu hilo libandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya Alhamisi tarehe 26, saa sita mchana. “Tutaangalia” hatutaipokea.

Isidori, chumba cha uhariri