Kupe wa Matumbo Mawili

Karibu na stesheni ya Kindu, kwenye mataruma ya zamani yaliyogeuzwa viti, wazee wa kijiwe huketi kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, wakinywa kahawa ya Mama Jamila na kuinyoosha dunia. Siku hiyo Assani alifika na kupe juu ya kifuniko cha kopo la maziwa. Alimng'oa sikioni mwa beberu wake, aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Chama tawala nacho kilimtaka beberu huyohuyo kwa karamu ya kumpokea mkubwa kutoka Kinshasa, na sitwayeni Lukali, yaani ndugu raia Lukali, mkuu wa selili, tawi la chama mtaani, alikuwa njiani kuja kumchukua. Kupe mwenyewe alikuwa na kinywa kimoja, na nyuma matumbo mawili kama miguu ya suruali.

— Muangalie muzuri, Assani aliwaambia. Mukisema iko hatari, mbuzi yangu inabaki.

Jamani, hawakuhitaji kubembelezwa. Alianza Dokta Merkirokromu, aliyewahi kufagia hospitali.

— Huyu anakunywa damu ya mbuzi na damu ya muzimu. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Shefu Treni, mpiga kengele mstaafu wa stesheni, akakataa. Kupe huyo katoka kwenye mashimo ya dhahabu kule Kama, na yeye alishaona kupe mwenzake mwenye miguu upande mmoja tu, akisafiri bila tiketi.

— Muntu akikula ile nyama, tumbo inapasuka mbili.

Merkirokromu akasema wenye kinywa kimoja na matumbo mawili yeye anawajua wengi, tena wenye vyeo. Jamila akakohoa. Wote wakatazama barabarani.

Lukali huyo, na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa chama, na kamba mkononi. Alimwinamia kupe, akasikia habari ya tumbo kupasuka, akarudi nyuma hatua moja. Hata hivyo hakuwaamini wapiga domo wale. Akamgeukia Maalimu Sefu, imamu wa mtaa, aliyeketi pembeni na kikombe chake, ambaye Kindu nzima haikuwahi kumshika na uongo. Maalimu alimtazama Assani, akamwonea huruma.

— Ile mbuzi iko na kilema, alisema. Mbele ya Mungu, haifai.

Lukali akaikunja kamba yake, akaondoka mbio kutafuta kuku wa watu. Assani alifurahi hata akaagizia kijiwe kizima kahawa. Walikuwa bado wanajisifu alipofika mkewe, Mwavita, aliyekutana na Lukali njiani akimtangazia kila mpita njia kwamba beberu ana kilema, Maalimu mwenyewe kasema. Mwavita hakucheka. Aliwaamkia wote, akamwinamia imamu kwa adabu.

— Maalimu, siku ya Idi hatuchinji munyama ya kilema, njo vile ulitufundisha. Sasa sie tutachinja nini?

Assani akamtazama Maalimu. Maalimu akatazama kikombe. Birika la Jamila lilikuwa limejaa bado, lakini hakuna aliyeomba kuongezewa.